Nani Alimwamini Kijana wa Redio?



Majuma mawili yaliyopita nililetewa barua na mama mmoja, msikilizaji wetu wa Mbagala. Sitamtaja jina, maana habari yenyewe ni ya ndani ya nyumba. Anasema mwanawe wa pili amemaliza kidato cha nne na amefaulu vizuri fizikia na hisabati. Tangu akiwa shule ya msingi, kijana huyo hakuwahi kukiacha kitu chenye waya kikae salama. Alianza na redio ya bibi yake. Sasa ana meza yake barazani, na majirani humletea redio, spika na simu zilizokufa, naye huzifufua kwa malipo kidogo. Amechaguliwa kwenda kidato cha tano mkoani, akasema haendi. Anataka apangishiwe fremu afungue duka la ufundi. Baba yake akapandwa na hasira. Usiku mmoja akakusanya bisibisi, koleo na waya zote, akazitia kwenye kiroba, akaenda kuzitupa jalalani.

"Tangu usiku ule," ameandika mama huyo, "baba na mwana hawasemezani. Wewe ni mtu wa redio. Tuambie, nani mwenye haki?"

Ndugu wasikilizaji, swali hili limeninyima usingizi, na sababu ninayo. Mjomba wangu alikuwa fundi redio kule Tanga. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nikitoka shule napitia kibandani kwake. Nilijifunza kushika waya bila kuogopa, na kuitambua kwa sikio redio yenye kitufe cha sauti kilichojaa vumbi na ile ambayo spika yake imechanika. Baba yangu hakutupa kitu jalalani. Alisema neno moja tu, kwamba ufundi redio ni kazi ya waliofeli. Sikurudi tena kibandani. Nilisoma, nikapata stashahada ya uandishi wa habari, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula na kuvaa kwa ajili ya redio. Lakini ndani ya redio sijatia mkono tangu siku ile, na mjomba alifariki kabla sijamweleza kwa nini niliacha kwenda kumsaidia.

Kwa hiyo sina haki ya kuwa hakimu wa kesi hii. Badala ya kumjibu mama kwa maoni yangu, nitamsimulia maisha ya mtu mmoja aliyeanza na bisibisi kama mwanawe. Mtu huyo ni Amar Gopal Bose, profesa wa uhandisi wa umeme na mwanzilishi wa kampuni ya spika na hedifoni inayoitwa kwa jina lake. Jina la Bose mmeliona kwenye hedifoni za wasafiri wa ndege na kwenye spika za magari ya bei kubwa. Mwenye jina hilo ndiye wengi wasiyemjua.

Bose alizaliwa mjini Philadelphia, Marekani, tarehe 12 Julai 1929. Baba yake, Noni Gopal Bose, alikuwa Mbengali aliyeshiriki harakati za kuwapinga Waingereza nchini India. Alifungwa kwa ajili hiyo, na mwaka 1920 akakimbilia Marekani. Huko alimwoa mwalimu wa shule, Mmarekani mweupe. Kwa Marekani ya siku zile ndoa kama hiyo ilikuwa mzigo. Bose mwenyewe aliwahi kusimulia jinsi familia yao ilivyokuwa ikiingia hotelini kula, wakaketi na kungoja, na chakula kisiletwe.

Baba huyo alikuwa na biashara ndogo ya kuagiza bidhaa kutoka India na kuziuza kwenye maduka. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, meli zikachukuliwa kwa shughuli za vita. Bidhaa zikakoma kuja, na nyumba ikaanza kuyumba.

Wakati huo Amar alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Alikuwa amekwisha kujifunza mwenyewe kutengeneza redio na vigari moshi vya kuchezea. Akamwendea baba yake na shauri: katika yale maduka uliyokuwa ukiyapelekea bidhaa, weka tangazo kwamba tunatengeneza redio. Vita ilikuwa imewachukua mafundi wengi, na watu walitaka kusikia habari. Baba akakubali. Akaenda kwenye maduka, akaweka matangazo. Redio zikaja, na mwanawe akazitengeneza chini ya nyumba yao baada ya masomo. Kazi ikazidi hata akawaita wenzake wa shule wamsaidie.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Ni nani atakayempelekea mtoto wa miaka kumi na mitatu redio yake, wakati wa vita, redio ambayo ndiyo masikio ya nyumba nzima? Hakuna. Waliopeleka redio walimpelekea mtu mzima waliyemfahamu, aliyekuwa akiwauzia bidhaa siku zote. Baba alisimama mbele akatoa jina lake, mtoto akakaa nyuma akatoa kazi yake. Jina la baba likawa dhamana ya mikono ya mwana.

Je, kijana huyo aliachwa hapo, awe fundi wa chini ya nyumba maisha yake yote? La hasha. Mwaka 1947 aliingia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kwa jina la MIT, kusomea uhandisi wa umeme. Hakutoka upesi. Alisoma shahada ya kwanza, ya pili na udaktari, akautwaa mwaka 1956. Waliomwongoza ni Norbert Wiener, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne iliyopita, na Profesa Yuk-Wing Lee, Mchina mzaliwa wa Macau. Kati ya siku aliyoingia chuoni na siku aliyovaa joho la udaktari ilipita miaka tisa. Kijana wa Mbagala, kama unasikiliza, iweke akilini hesabu hiyo.

Mwaka huo huo wa 1956 likatokea jambo dogo lililobadili maisha yake. Akiwa anamaliza tasnifu yake, Bose aliamua kujizawadia mtambo wa kupigia santuri. Akafanya kama afanyavyo mhandisi. Alisoma takwimu za mitambo yote, akalinganisha, akanunua ule wenye takwimu bora. Akaufikisha nyumbani, akaweka santuri ya fidla, na sauti iliyotoka ikamuudhi. Bose alijifunza kupiga fidla tangu utotoni, aliijua sauti yake kama mtu ajuavyo sauti ya mama yake. Kile alichokisikia hakikuwa fidla.

Mtu mwingine angeurudisha mtambo dukani na kudai fedha zake. Bose akajiuliza swali: kama takwimu ni nzuri na sauti ni mbaya, ni nini ambacho takwimu hazikupima? Akaanza kujisomea elimu ya sauti, nje kabisa ya somo lake la udaktari. Aliendelea nayo alipokwenda India mwaka mmoja kwa ufadhili wa Fulbright, na aliporudi MIT kufundisha, usiku alikuwa maabara.

Alichokigundua kinaeleweka hata na asiyesoma fizikia. Ukiwa kwenye ukumbi mkubwa wa muziki, sauti chache tu hukujia moja kwa moja kutoka kwa mpigaji. Nyingi hupiga kwanza ukutani, darini na sakafuni, ndipo zikufikie. Sikio hupokea zote kwa pamoja, na kwa pamoja ndipo linapojua kwamba hapa ni ukumbini. Spika za wakati ule zilikuwa zikimlenga msikilizaji sauti yote usoni, kama mtu anayekupigia kelele dirishani.

Profesa Lee ndiye aliyemhimiza aanzishe kampuni ya kuifanyia kazi elimu hiyo, naye akawa miongoni mwa watu wa kwanza kutia fedha zao. Wasikilizaji, mwalimu kumpa mwanafunzi wake alama nzuri ni jambo la kawaida. Mwalimu kutoa fedha zake mwenyewe na kumkabidhi mwanafunzi ni jambo la nadra, hata huko Marekani. Basi mwaka 1964 ikaanzishwa kampuni ya Bose. Na mwajiriwa wake wa kwanza alikuwa nani? Sherwin Greenblatt, mwanafunzi wa Bose mwenyewe, ambaye baadaye alifika kuwa rais wa kampuni hiyo.

Msidhani mambo yalinyooka. Mwanzoni waliishi kwa mikataba ya serikali na jeshi, ya kutengeneza vifaa vya kudhibiti umeme. Spika yao ya kwanza, iliyoitwa 2201, ilitoka mwaka 1966. Ilikuwa na spika ndogo ishirini na mbili zilizopangwa kwenye kitu chenye umbo la kipande cha mpira, cha kukaa pembeni mwa chumba. Wanunuzi hawakuitaka. Profesa mwenye udaktari, mwenye hataza na mwenye miaka kadhaa ya utafiti akashindwa sokoni kama anavyoshindwa muuza maandazi wa siku ya kwanza.

Hakufunga duka. Mwaka 1968 akatoa nyingine, 901. Hii ilikuwa na spika ndogo tisa ndani ya sanduku moja. Nane zilitazama nyuma, zikiupigia ukuta, na moja tu ilimtazama msikilizaji. Fundi yeyote wa mtaani angekwambia umeigeuza kinyume! Lakini ndiyo iliyoijenga kampuni, na ikaendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 40.

Kila mwenye jina hupata na wa kumkosoa. Mwaka 1970 jarida la Marekani la kuwatetea wanunuzi, Consumer Reports, liliandika kwamba kwa spika za 901 sauti za ala za muziki zilionekana kuwa kubwa kupita kiasi na kutangatanga chumbani. Bose akalishtaki shirika lenye jarida hilo. Mwaka 1981 mahakama ya kwanza ikampa ushindi. Mahakama ya rufaa ikautengua. Tarehe 30 Aprili 1984 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikasema jarida limeshinda. Kosa la uchaguzi wa neno, walisema, si sawa na uongo wa makusudi.

Hapa mimi na Profesa tunaachana njia. Mimi ni mwandishi wa habari, na nafurahi kwamba alishindwa. Kama angeshinda, kila mwandishi anayesema kwamba bidhaa fulani haifai angekuwa na sababu ya kuogopa kivuli chake. Na nikumbushe kwamba mpaka leo wako wapenzi wa muziki wasiozipenda spika za Bose, wanasema bei ni kubwa kuliko ubora. Nawasimulia habari zake pamoja na makosa yake, kwa sababu ukaidi uliompeleka mahakamani kwa miaka yote hiyo ndio ule ule uliomfikisha kwenye hedifoni.

Mwaka 1978 Bose alikuwa ndani ya ndege akitoka Zurich, Uswisi, kurudi nyumbani. Shirika la ndege lilikuwa limeanza kuwagawia abiria hedifoni za aina mpya. Akazivaa. Muziki ukamezwa na ngurumo ya injini. Akatoa karatasi, akaanza kukokotoa, na kabla ndege haijatua alikuwa na hesabu zinazoonyesha kwamba kelele ile yaweza kuondolewa.

Inaondolewaje? Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Chukueni mfano wa mlango. Mtu mmoja anausukuma kutoka ndani, na mwingine anausukuma kutoka nje kwa nguvu zile zile na kwa wakati ule ule. Mlango hautikisiki. Hedifoni za Bose zina kipaza sauti kidogo kinachoisikiliza kelele, na mtambo unaotoa sauti iliyo kinyume chake, kukiwa na msukumo yenyewe inavuta, kukiwa na mvuto yenyewe inasukuma. Kelele mbili zinauana, kinabaki kimya. Wazo lenyewe halikuwa la Bose, kwani Mjerumani Paul Lueg alikwisha kuliombea hataza katika miaka ya 1930. Lakini kati ya wazo na kitu cha kuvaa kichwani kuna mwendo mrefu.

Mwendo wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka 1986 marubani wawili wa Marekani, Dick Rutan na Jeana Yeager, waliizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua wala kuongeza mafuta, katika ndege ndogo iliyoitwa Voyager. Walivaa hedifoni za majaribio za Bose ili injini isiwaharibu masikio. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani. Mwaka 2000 ndipo zikamfikia mnunuzi wa kawaida. Kutoka kwenye karatasi ya ndani ya ndege mpaka dukani ni miaka 22.

Ni tajiri gani atakayeendelea kutoa fedha miaka yote hiyo? Bose aliweza kwa sababu alikataa katakata kuiuza kampuni kwenye soko la hisa. Faida aliirudisha kwenye utafiti. Aliwahi kusema kwamba katika kampuni inayoendeshwa na wasomi wa biashara angekwisha kufukuzwa kazi mara mia. Na hakika wangemfukuza. Mwaka 1980 alianzisha utafiti wa kuondoa springi na shokapu kwenye magari na kuweka mota za umeme mahali pake, ili gari lipite juu ya tuta bila abiria kuyumba. Aliuonyesha hadharani mwaka 2004, na waliouona walishangaa. Lakini mtambo ulikuwa mzito na wa gharama, na kampuni za magari hazikuununua. Kilichopatikana ni kiti cha madereva wa malori, kilichotoka mwaka 2010. Miaka thelathini, na mavuno ni kiti! Kwa dereva anayeumia mgongo, hata hivyo, kiti si kitu kidogo.

Na muda wote huo, ndugu wasikilizaji, huyu mtu hakuacha chaki. Alifundisha MIT tangu 1956 mpaka 2001, miaka 45. Jarida la Forbes lilimweka kwenye orodha ya mabilionea wa dunia, lakini kwa wanafunzi wake alikuwa mwalimu wa elimu ya sauti anayewataka wafikiri, si wakariri. Kwetu mtu akipata duka la pili huiaga shule. Yeye alikuwa na kiwanda, na bado aliingia darasani.

Mwaka 2011, akiwa na miaka zaidi ya themanini, alifanya jambo lililowashangaza wenye fedha. Aliipa MIT sehemu kubwa ya hisa za kampuni yake. Aliwawekea masharti: chuo hakitaziuza hisa hizo, wala hakitaingilia uendeshaji wa kampuni. Kila mwaka kitapokea gawio, na fedha hizo zitumike kwa elimu na utafiti. Alifariki tarehe 12 Julai 2013, siku aliyotimiza miaka 84.

Mwanawe, Vanu Bose, naye alisoma uhandisi pale pale na akaanzisha kampuni yake ya mitambo ya simu za mkononi, ambayo kazi zake nyingi zinafanywa na programu za kompyuta. Kampuni hiyo ilifika mpaka kwa jirani zetu wa Rwanda, kuweka minara midogo inayotumia umeme wa jua katika vijiji ambavyo kampuni kubwa hazikuona faida ya kuvifikia. Vanu alifariki ghafla mwaka 2017, akiwa na miaka 52. Babu aliweka tangazo dukani, mwana akatengeneza redio, mjukuu akapeleka mawasiliano kijijini.

Sasa nirudi Mbagala.

Najua mtakachoniambia. Mtasema Philadelphia si Mbagala, na MIT haiko Mbagala Rangi Tatu. Ni kweli, tusidanganyane. Bose alikuwa na maabara, alikuwa na mikataba ya serikali, na alikuwa na akili ambayo Mungu hamgawii kila mtu. Siwezi kumwambia mama yule kwamba mwanawe atakuwa bilionea. Anayemwambia hivyo ni mwongo.

Lakini hebu tuyachambue maisha haya tena. Tukiondoa hesabu na mitambo, inabaki orodha fupi ya watu. Baba aliyeweka jina lake dukani. Mwalimu aliyetoa fedha zake. Kisha Bose mwenyewe, aliyemwajiri mwanafunzi wake na kukirudishia chuo utajiri wake. Kila mmoja alimwamini mwenzake kabla ushahidi haujakamilika. Akili ilikuwa ya Bose, lakini mlango ulifunguliwa na wengine.

Kwako kijana. Umenyang'anywa bisibisi, na naelewa machungu yako. Lakini aliyeanza kama wewe alikaa darasani miaka tisa baada ya sekondari. Redio alizotengeneza utotoni zilimpa maswali, na shule ndiyo iliyompa uwezo wa kuyajibu. Bila hesabu za chuoni, ndani ya ndege ile ya Zurich angekuwa abiria mwingine tu anayelalamika kwamba kelele zimezidi. Ukifungua fremu leo utatengeneza vitu walivyobuni wengine mpaka uzeeke, na si kazi ya aibu, mjomba wangu aliifanya na akalea watoto. Ila wewe umefaulu fizikia. Usijifungie mlango kwa hasira za baba yako.

Na usidhani njia ni mbili tu, kidato cha tano au fremu. Iko Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo wazee bado wanaiita Dar Tech. Kiko Chuo cha Ufundi Arusha. Vyuo kama hivi hupokea waliomaliza kidato cha nne kusomea stashahada za uhandisi wa umeme na wa elektroniki, na mwenye stashahada nzuri huweza kuendelea hadi shahada. Huko utashika waya mchana, na utaambiwa ni kwa nini waya ule unafanya kazi.

Kwako baba mwenzangu. Najua hukutupa zile zana kwa chuki. Uliogopa. Kila mzazi aliyehangaikia ada anaogopa mwanawe asiishie barazani. Baba yangu aliogopa vile vile, na hofu yake ilinifikisha mahali pazuri. Lakini ilinigharimu kitu ambacho mpaka leo sina pa kukitafuta. Noni Bose naye alikuwa na sababu za kuogopa: mkimbizi, mtu wa rangi katika nchi ya ubaguzi, biashara imekufa. Mtoto alipomjia na bisibisi mkononi, alichukua jina lake, kitu pekee alichobakiwa nacho, akalibandika dukani kwa ajili ya kazi ya mtoto. Wewe una jina pale mtaani. Nenda na mwanao chuoni, mkaulize pamoja masharti ya kujiunga. Na njiani, mkipita Kariakoo, mnunulie bisibisi nyingine. Haizidi nauli ya wiki moja.

Kwako mama. Umeuliza nani mwenye haki. Baba ana haki kutaka mtoto asome. Mtoto ana haki ya kupenda kazi aliyopewa na mikono yake. Wamegombania vitu viwili ambavyo Bose hakuvitenganisha siku moja katika maisha yake. Wakalishe pamoja, na kama itasaidia, wasomee mazungumzo haya gazetini.

Barua yako ninayo mezani. Jibu likija, nitawaarifu wasikilizaji.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu.